UFUPISHO WA HABARI: FUMUA, CHAGUA, FUMA UPYA

Ufupisho ni kueleza habari kwa maneno machache bila kupoteza mawazo makuu. Watahiniwa wengi hupoteza alama hapa, si kwa sababu hawajui Kiswahili, bali kwa sababu wamekutana na kifungu kuhusu jambo wasilolijua. Mtahiniwa wa Samuye ameiona pamba shambani, lakini huenda hajawahi kushika uzi wa hariri. Akiletewa kifungu cha hariri huogopa, na akiogopa huanza kuandika ya kichwani mwake badala ya yaliyoandikwa. Kumbuka: mtihani haukuulizi ulichokiona, unakuuliza kilichomo ndani ya kifungu.

Soma kifungu kifuatacho kwa makini, kisha jibu maswali yanayofuata kabla hujatazama majibu.

KIFUNGU

Uzi wa hariri hautoki shambani kama pamba. Hutengenezwa na kiwavi anayekula majani ya mforosadi. Kiwavi huyo akikomaa hutoa majimaji mdomoni, nayo hugeuka kuwa uzi. Hujizungushia uzi huo mwilini hadi akajifungia ndani ya kifuko. Watengenezaji huvitia vifuko hivyo katika maji ya moto ili gundi yake ilegee, hutafuta ncha ya uzi, kisha huuvuta taratibu. Kifuko kimoja huweza kutoa uzi mmoja mfululizo wenye urefu wa mamia ya mita.

Urefu huo ndio siri ya ubora wake. Unyuzi mmoja wa pamba una urefu wa sentimita chache tu, hivyo ni lazima nyuzinyuzi nyingi zisokotwe pamoja ndipo uzi upatikane. Ncha zake nyingi hubaki zimechomoza na kuufanya uzi uwe na manyoya. Hariri haina ncha nyingi za namna hiyo, kwa hiyo ni laini, hung'aa na ni imara. Ndiyo maana mafundi wa kufuma, kusuka kamba za mapambo na kutarizi wameithamini tangu zamani.

Katika pwani ya Afrika Mashariki, hariri ililetwa na biashara ya Bahari ya Hindi. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu na Kilwa mwaka 1331, alieleza kuwa mtawala wa Mogadishu alitembea huku akifunikwa kwa miavuli ya hariri ya rangi. Wareno wa karne ya 16 waliutaja mji wa Pate kwa nguo zake za hariri. Mreno mwingine, Duarte Barbosa, alieleza kazi ya wafumaji wa Sofala, kusini zaidi. Wafumaji hao walikuwa na pamba nyeupe lakini hawakuitia rangi. Walichukua nguo za buluu zilizotoka Cambay, India, wakazifumua, kisha wakafuma upya nyuzi hizo pamoja na nyuzi zao nyeupe. Nguo walizopata ziliwaletea dhahabu.

MASWALI

(a) Andika kichwa cha habari kinachofaa kwa maneno yasiyozidi matano.
(b) Kwa mujibu wa kifungu, kwa nini uzi wa hariri ni laini kuliko uzi wa pamba?
(c) Fupisha kifungu hiki kwa maneno yasiyozidi 65.
(d) Neno "wakazifumua" limetokana na kitenzi "fuma". Taja kauli iliyotumika, kisha weka vitenzi "funga", "ziba" na "shona" katika kauli hiyo.
(e) Tunga sentensi mbili kuonesha maana mbili tofauti za neno "hariri".

MAJIBU NA MAELEZO

(a) "Uzi wa hariri na wafumaji". Kichwa kizuri hubeba kifungu chote. "Kiwavi wa hariri" hakifai kwa sababu kinahusu aya ya kwanza peke yake. "Biashara ya Bahari ya Hindi" nacho kinahusu aya ya tatu tu.

(b) Ni kwa sababu uzi wa hariri ni mrefu na hutoka mfululizo, hivyo hauna ncha nyingi zinazochomoza. Uzi wa pamba husokotwa kutokana na nyuzinyuzi fupi ambazo ncha zake huchomoza na kuufanya uwe na manyoya. Angalia maneno "kwa mujibu wa kifungu". Ukijibu kwamba hariri ni laini kwa sababu ni ghali, hutapata alama, maana kifungu hakikusema hivyo.

(c) Hapa fanya kama walivyofanya wafumaji wa Sofala: fumua, chagua, fuma upya.

Hatua ya kwanza: Fumua. Isome kila aya peke yake na uandike pembeni wazo lake kuu kwa mstari mmoja.
Aya ya 1: Hariri hutokana na kiwavi anayejifungia ndani ya kifuko.
Aya ya 2: Uzi wake ni mrefu, ndiyo maana una ubora kuliko wa pamba.
Aya ya 3: Hariri ilifika pwani kwa biashara, wafumaji wa Sofala walifumua nguo za kigeni na kuzifuma upya.

Hatua ya pili: Chagua. Acha mifano, tarakimu, majina na maelezo ya ziada ambayo yakiondolewa wazo kuu linabaki. Katika kifungu hiki tunaacha majani ya mforosadi, maji ya moto, sentimita, mwaka 1331 na majina ya wasafiri. Jina la Sofala tunalibakiza kwa sababu habari ya kufumua na kufuma upya ni ya mji huo, si ya pwani yote.

Hatua ya tatu: Fuma upya. Unganisha mawazo hayo kwa maneno yako, katika aya moja, kwa mfuatano wa kifungu. Usinakili sentensi nzima.

Hatua ya nne: Hesabu maneno, kisha soma tena na kusahihisha tahajia.

Jibu la mfano:

Uzi wa hariri hutokana na kiwavi anayejifungia ndani ya kifuko. Uzi huo ni mrefu, laini, imara na hung'aa, tofauti na uzi wa pamba unaosokotwa kutokana na nyuzinyuzi fupi. Hariri ilifika pwani ya Afrika Mashariki kwa biashara ya Bahari ya Hindi, ikatumiwa na watawala na wafumaji. Wafumaji wa Sofala walifumua nguo za India, wakazifuma upya pamoja na pamba yao, wakaziuza kwa dhahabu. (Maneno 61)

Sasa linganisha na jibu hili dhaifu:

"Hariri ni uzi mzuri sana. Hata sisi Shinyanga tunalima pamba ambayo ni dhahabu nyeupe na inawasaidia wakulima. Ibn Battuta alifika Mogadishu mwaka 1331 akaona miavuli. Serikali ijenge viwanda vya nguo."

Kiswahili chake hakina kosa kubwa, na ni kweli kwamba Shinyanga hulima pamba. Hata hivyo jibu hili lina kasoro tatu. Kwanza, limeleta habari zisizokuwamo katika kifungu, yaani Shinyanga na viwanda. Pili, limebeba mfano mdogo wa Ibn Battuta na kuacha wazo kuu la urefu wa uzi. Tatu, limetoa ushauri, ilhali swali halikuomba maoni.

(d) Ni kauli ya kutendua. Kauli hii huonesha kuondoa matokeo ya tendo la kwanza: ukifuma unaunganisha nyuzi, ukifumua unazitenganisha. Funga – fungua. Ziba – zibua. Shona – shonoa. Zingatia: mzizi wenye irabu o huchukua kiambishi -o- (shon-o-a, chom-o-a), mizizi mingine huchukua -u- (fum-u-a, zib-u-a, teg-u-a).

Tahadhari: si kila kitenzi kinachoishia na -ua kiko katika kauli hii. "Nunua" si kinyume cha "nuna", kwa sababu anayenunua kitu haondoi kununa. Kabla ya kujibu, jiulize kama tendo la pili kweli linaondoa la kwanza.

(e) Mfano:
Hariri (nomino): Bibi harusi alivaa gauni la hariri.
Hariri (kitenzi): Mwalimu alihariri insha zetu kabla ya kuzibandika ukutani.
Ukitunga sentensi mbili zenye maana ya kitambaa, hata kama zinatofautiana kwa maneno, umeonesha maana moja tu.

ZOEZI LA NYONGEZA

1. Rudia swali (c) kwa maneno yasiyozidi 40. Ni wazo gani umelazimika kuliacha? Eleza kwa nini umeliacha hilo na si jingine.
2. Eleza ngeli ya neno "uzi" kwa kutunga sentensi moja ya umoja na moja ya wingi. (Kidokezo: Uzi umekatika. Nyuzi zimekatika.)
3. Weka vitenzi "kunja", "choma" na "tega" katika kauli ya kutendua, kisha utunge sentensi kwa kila kimoja.
4. Unda nomino mbili kutokana na kitenzi "fuma" na mbili kutokana na kitenzi "tarizi".
5. Chukua habari yoyote ya gazeti inayohusu jambo usilolijua kabisa, uifupishe hadi kufikia theluthi moja ya urefu wake. Fanya hivyo mara moja kila wiki hadi siku ya mtihani. Ukizoea kufupisha jambo usilolijua, kifungu cha mtihani hakitakutisha, kiwe cha hariri au cha kitu kingine chochote.