Lori la Magurudumu Manne Katika Matope ya Kericho

Katika nchi za baridi, lori dogo linalosukumwa na magurudumu yote manne hufungwa bamba la chuma mbele ili liondoe theluji njiani. Kericho na Bomet hakuna theluji. Kuna mvua ya mawe na matope mekundu, na majani ya chai hayangoji. Yakichelewa kufika kiwandani hupata joto ndani ya magunia na kugeuka mekundu, na jasho la mchumaji hupotea bure.

Basi, kila dereva na ashike mambo haya manne. Kwanza, tia gia ya magurudumu manne kabla ya kuingia matopeni, si baada ya kukwama. Pili, tumia gia nzito, uende polepole bila kusita. Tatu, uteremkapo mlima, iache injini ilizuie gari. Ukikanyaga breki ghafula utateleza. Nne, ufikapo penye lami kavu, iondoe gia hiyo, kwani katika magari mengi huchakaza matairi na mitambo.

Magurudumu yakizunguka mahali pamoja, usizidishe mafuta, maana yanajichimbia shimo. Simama, tia mawe au matawi chini ya matairi, ndipo ujaribu tena. Dereva mwenye saburi hufikisha majani yangali mabichi.