Herufi K Isiyosikika

Watoto, tazameni maneno haya ya Kiingereza: knife, knee, knot, know. Knife ni kisu. Knee ni goti. Knot ni fundo la kamba. Know ni kujua. Yote yanaanza na K na N, lakini Mwingereza akiyasoma, K haisikiki hata kidogo. Husema «naifu», «nii», «noti», «nou».

Basi, K hiyo ni ya kazi gani? Zamani Waingereza waliitamka sawasawa. Mwaka 1476 William Caxton alileta Uingereza mtambo wa kuchapa vitabu, na namna ya kuandika maneno ikaanza kuimarika. Lakini midomo haikungoja vitabu. Katika karne ya 17 watu walizidi kuiacha K, nayo ikabaki katika karatasi tu. Jirani zao hawakuiacha. Mflamu wa Ubelgiji akisoma neno lake knie, yaani goti, huitamka K mpaka leo. Nasi tusomao Kifaransa twajua canif, kisu kidogo cha kukunja. Ni ndugu wa knife, na K yake husikika vizuri.

Mnapoandika, msiisahau herufi hii. No ni hapana, si kujua. New ni kitu kipya. Knew ni alijua. Night ni usiku. Knight ni askari wa zamani mpanda farasi. Ukiacha K, askari wako amegeuka giza!

Maulizo
1. Kneel ni kufanya nini? Fikiri juu ya knee.
2. Funika kitabu, uandike maneno manne ya kwanza.