Uhimilivu wa Vifaa vya Kielektroniki kwa Umeme Tuli: Upimaji na Istilahi Zake

Utangulizi

Mtu atembeapo juu ya zulia la nailoni wakati hewa ni kavu, mwili wake hukusanya chaji za umeme. Umeme huu huitwa umeme tuli kwa kuwa hautiririki kama ule wa nyaya. Agusapo kitasa cha chuma, chaji hizo hutoka ghafla na kuzua cheche. Binadamu hushtuka tu, ilhali kifaa cha kielektroniki huweza kupoteza kumbukumbu au kufa kabisa. Makala haya yanaeleza jinsi vifaa vinavyopimwa na kuonyesha uzito wa uteuzi wa istilahi katika taarifa ya upimaji.

Utaratibu wa Upimaji

Kigezo kinachotumika kimataifa ni IEC 61000-4-2. Ala ya kupimia ina umbo la bastola. Ndani yake mna kapasita ya pikofaradi 150 na rezista ya omu 330, ambazo kwa pamoja huiga mwili wa mtu aliyeshika kipande cha chuma. Sehemu za chuma huguswa kwa ncha kali katika viwango vya kilovolti 2, 4, 6 na 8. Sehemu za plastiki nazo hukaribiwa kwa ncha ya mviringo hadi cheche iruke hewani, kwa kilovolti 2, 4, 8 na 15. Katika mguso wa kilovolti 8, mkondo hupanda hadi ampea 30 kwa takriban nanosekunde moja. Wakati wote huo kifaa huwa kimewashwa, kikifanya kazi yake.

Suala la Istilahi

Neno linalokuja akilini kwanza ni kinga. Hata hivyo, kukinga ni kuzuia kitu kisifike, na hapa cheche hufikishwa kwa makusudi. Kinachopimwa ni jinsi kifaa kinavyoistahimili. Kwa hivyo, uhimilivu ni istilahi inayofaa zaidi.

Aidha, matokeo ni ya aina nne: kifaa huendelea kama kawaida, huyumba kisha kikajirudi chenyewe, hukwama hadi mtu akiwashe upya, au huharibika kisiweze kurejea hali yake. Tuchukue mfano wa pampu ya kumtilia mgonjwa dawa mshipani. Taarifa ikisema tu kwamba pampu "ilipata hitilafu", muuguzi hatajua iwapo itajirudi au dawa itakatika mpaka mtu atambue. Vitenzi kuyumba, kukwama na kuharibika vinaitenga hatari hiyo waziwazi, na vyote vimo katika Kiswahili cha kila siku.

Hitimisho

Ni dhahiri kuwa tatizo la Kiswahili cha sayansi si uhaba wa maneno pekee, bali pia ni kutoyagawia maneno yaliyopo mipaka ya maana. Ipo haja ya wanaisimu kushirikiana na wahandisi katika kuiweka mipaka hiyo.