Winchi ya Kuchomeka na Kuondoa katika Pikapu: Habari ya Chuma na Habari ya Waya

Katika nchi za udongo mweusi, kama Wembere, Athi na Mwea, kila mwenye gari ajua jinsi masika yanavyoyashika magurudumu hata yasiweze kwenda mbele wala kurudi nyuma. Zamani dawa yake ilikuwa majembe, matawi ya miti na mikono ya watu. Siku hizi wako wanunuao winchi ya umeme, yaani chombo chenye mota na kamba, kipatacho nguvu zake katika betri na kulifanya gari lijivute lenyewe. Somo letu ni juu ya winchi isiyokaa daima mahali pamoja, bali huchomekwa mbele au nyuma ya pikapu kwa kadiri ya haja, kisha huondolewa na kuwekwa ghalani.

Mimi ni karani, si fundi; walakini jambo hili nililijifunza kwa hofu, na kilichojifunzwa kwa hofu hakisahauliki upesi. Masika ya mwaka 2018 nilisafiri katika pikapu ya ofisi moja, aina ya Hilux, nasi tumechukua kasha la barafu lenye chanjo za watoto. Chanjo hizo zatakiwa zikae kati ya digrii 2 na 8 za Selsiasi, na barafu ile ilikuwa imewekwa tangu alfajiri. Yapata saa tisa alasiri gari likazama hata ekseli. Ardhi ngumu ilikuwa nyuma yetu, basi dereva akaichomeka winchi nyuma, akaunga waya, akaifunga kamba katika mgunga. Winchi ikaanza vizuri, kisha ikalegea, ikawa yaguna kama mzee apandaye kilima. Mwalimu aliyekuwa pamoja nasi akasema, "Bwana Karani, nasikia harufu ya mpira uunguao." Dereva akajibu, "Ni mota tu, Mwalimu, ingali mpya." Haikuwa mota. Moshi ulitoka chini ya bodi, pale waya ulipopita karibu na tangi la mafuta. Tukakimbilia betri, na spana iko chini ya mizigo! Hata ilipopatikana, ganda la waya lilikwisha yeyuka urefu wa mkono mzima. Gari halikuungua, Mungu asifiwe. Kasha la chanjo likaenda kwa miguu, vijana wawili wakipokezana, likafika usiku barafu ingaliko kidogo.

Fundi alipolitazama gari alituambia kwamba winchi haina kosa lolote. Kosa lilikuwa waya: mwembamba, mrefu, na hauna fyuzi. Hapo ndipo penye hatari ya winchi ya namna hii. Ile iliyofungwa daima mbele hukaa karibu na betri, na waya wake ni mfupi. Lakini ukitaka kuitumia nyuma pia, huna budi kuvuta waya toka betri hata mwisho wa gari, na watu wengi huutafuta ulio rahisi.

Tufanye hesabu, na walimu waweza kuwapa wanafunzi wao. Winchi iwezayo kuvuta kilo 4,300 katika umeme wa volti 12 hunywa karibu ampea 400 inapovuta kwa nguvu zake zote. Toka betri hata nyuma ya pikapu tuseme ni mita 5. Kwenda na kurudi ni mita 10. Ili kujua kizuizi cha waya wa shaba, zidisha urefu wote kwa 0.0175, kisha gawanya kwa eneo la shaba kwa milimita za mraba. Waya wa milimita za mraba 16 utakupa 0.0109. Zidisha kwa ampea 400: volti 4.4 zapotea njiani, na winchi yapata 7.6 tu badala ya 12. Ndiyo sababu iliguna. Na zile volti 4.4 hazipotei bure, maana 4.4 mara 400 ni wati 1,760, yaani joto la pasi moja na nusu za umeme, limefichwa chini ya gari. Sasa weka waya wa milimita za mraba 70: volti 1 tu yapotea. Kwa winchi ya mbele peke yake, ambapo kwenda na kurudi ni mita 3, waya wa milimita za mraba 35 wapoteza volti 0.6 tu, nao watosha.

Unaponunua, usitazame unene wa ganda, bali wa shaba iliyo ndani. Wako wachuuzi wenye waya ulionona kwa mpira, na ndani ni mkonde. Tena kwaruza nyuzi zake kwa kisu: zikionekana nyeupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na hesabu yetu haiifai.

Karibu na kichwa cha chanya cha betri, kiasi cha shubiri moja, weka fyuzi kubwa au kikata umeme cha kadiri aliyoitaja mtengenezaji wa winchi. Kazi yake hasa ni kuulinda waya ule mrefu. Ganda likisuguliwa na chuma cha bodi hata shaba ikagusa, betri itatoa umeme wake wote kwa mara moja, wala hapana kitakachouzuia isipokuwa fyuzi hiyo. Ongeza swichi kubwa ya kutenganisha, ifikiwe kwa mkono bila spana. Sisi tungalikuwa nayo, tusingaliutafuta ufunguo chini ya magunia. Waya upitishwe ndani ya mrija wa plastiki, ufungwe katika chesisi kila baada ya kiasi cha mkono mmoja, uepushwe na bomba la moshi, na kila unapopenya tundu la chuma uvikwe pete ya mpira.

Waya wa hasi nao urudi hata betri yenyewe. Wako wanaouunga katika chuma cha gari kilicho karibu, wapate kuokoa fedha. Lakini umeme wa ampea 400 ukilazimishwa kupita katika kutu, rangi na pini iliyolegea, utafanya joto pale pale. Mwisho wa nyaya, mbele na nyuma, tia viungo vikubwa vya kuchomeka, kama vile vya Anderson, na vyote viwe vya rangi moja, kwa kuwa vya rangi mbalimbali havikubali kuingiana. Hakikisha chanya yakutana na chanya kabla ya kuwasha swichi. Pete za shaba za mwisho wa waya zibanwe kwa chombo chake, si kwa nyundo.

Sasa twaja kwenye chuma. Winchi hukazwa kwa bolti juu ya kibao chenye mkono wa chuma wa mraba, na mkono huo huingia katika bomba la mraba lililofungwa katika chesisi, kisha pini ya milimita 16 hupita kati. Bomba hilo lisifungwe katika bampa hata kidogo. Soma uzito ulioandikwa juu ya bomba, maana mara nyingi huwa mdogo kuliko ule wa winchi, nao ndio mpaka wako. Fundi akitaka kuchomelea chesisi, na avue kwanza nyaya za betri. Mimi napenda bolti zaidi, kwa kuwa zaweza kukaguliwa na mtu yeyote mwenye spana. Jua pia kwamba winchi na kibao chake hupita kilo 40, basi waibebe watu wawili. Na kwa kuwa imeshikwa kwa mkono mmoja tu, ivute mbele yake kwa unyofu. Ukiivuta upande, mkono ule hupindwa kama mpini wa jembe.

Gari likizama sana, tumia kapi. Watu wa pwani wajua tangu zamani jinsi kapi inavyopunguza uzito wa foromali. Kamba ikienda hata kapi iliyofungwa mtini, na ncha yake ikarudi kushikwa katika chesisi ya gari lako mahali pengine, si katika kibao cha winchi, basi winchi hubeba nusu ya mzigo na waya hunywa umeme mchache, ingawa mwendo ni wa polepole. Mti uvishwe mkanda mpana, usikatwe na kamba. Pasipo mti, kama katika mbuga tupu, zika gurudumu la akiba katika shimo refu, na kamba itoke kwa mfereji wa mshazari.

Injini iwe inanguruma, maana betri peke yake haidumu. Vuta kwa muda wa dakika moja, kisha pumzisha. Mizingo ya kamba inayobaki katika kigogo chake isipungue 5 kwa kamba ya chuma, na 10 kwa ile ya nyuzi. Tandika blanketi zito juu ya kamba, na watu wote, hasa watoto ambao hawakosi kukusanyika, wasimame mbali kuliko urefu wa kamba iliyonyoshwa. Hapa wazee wa kijiji wana kazi, kwa kuwa dereva hawezi kutazama gari na watoto pamoja.

Kazi ikiisha, zima swichi kwanza, ndipo uchomoe kiungo na kukivika kifuniko, matope yasiingie. Iondoe winchi, hasa ikiwa mbele, kwa kuwa huzuia upepo wa rejeta. Nyumbani nyosha kamba ikauke, paka pini mafuta, na ushike waya kwa kiganja toka betri hata mwisho wake, ukitafuta mahali ganda lilipolainika.