Kufundisha Maneno "Mzalendo" na "Msaliti"

Shabaha ya somo hili ni kumwezesha mwanafunzi wa Darasa la Sita kuipima hotuba kabla ya kuipigia makofi. Neno "msaliti" ni jepesi kutamkwa, bali mzigo wake ni mzito. Na anayelitamka hujitwalia papo hapo jina la mzalendo.

Jambo hili ni la kale. Mwaka 330 kabla ya Kristo, huko Athens, Ugiriki, Demosthenes na Aeschines walikabiliana mahakamani juu ya taji la heshima alilopendekezewa Demosthenes. Miaka minane kabla yake, Athens ilikuwa imeshindwa vitani na Mfalme Philip wa Makedonia. Demosthenes alidai kuwa mwenzake alihongwa na Philip. Aeschines alidai kuwa siasa ya Demosthenes ndiyo iliyoiponza nchi. Wote wawili walijitangaza kuwa wapenzi wa Athens. Demosthenes alishinda kesi, ingawa vita vilikuwa vimeshindwa.

Hata hivyo, mwalimu wa Shinyanga au Geita asianzie Athens. Aanzie nyumbani, kwa hatua hizi:

1. Asimulie habari ya Geita ya mwaka 1958. Serikali ya kikoloni ililazimisha baraza la wilaya la Waafrika, Waasia na Wazungu. Wananchi wengi walilikataa, wakaandamana hadi Mwanza, na polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Machoni pa serikali walikuwa wavunja amani. Wao walijiona watetezi wa nchi yao. Hatimaye serikali iliacha kulilazimisha baraza hilo.

2. Wanafunzi wawili wahutubu, mmoja kama ofisa, mwingine kama mwandamanaji. Kisha wabadilishane nafasi.

3. Darasa liulize: Msemaji akitaja "nchi", ana maana ya nani? Ametoa ushahidi wa tendo, au amemtukana mtu tu? Nani atafaidika tukimwamini?

Tahadhari: mwalimu atofautishe uhaini na usaliti. Uhaini ni kosa la jinai, huthibitishwa mahakamani kwa ushahidi. Usaliti ni lawama tu, na yeyote aweza kuitoa. Asimruhusu mtoto kumwita mwenzake msaliti kwa kuwa wametofautiana mawazo.

Zoezi: Kila mwanafunzi aandike habari ya Geita kwa sentensi sita bila kutumia "mzalendo" wala "msaliti". Atalazimika kueleza nani alitenda nini, na kwa sababu gani. Hapo ndipo hukumu ya haki huanzia.