Meja Thruston, Mateka wa Askari Wake

Mtu asimamaye Kipevu, bara ya Mombasa, huiona ng'ambo ya maji bandari ya Kilindini, ambako ujenzi wa reli ya Uganda ulianza mwaka 1896. Mwisho wa mwaka 1897 reli hiyo ilikuwa imefika Voi tu. Aendaye Uganda alikwenda kwa miguu kutoka hapo, na msaada kadhalika. Msomaji na alikumbuke hilo katika habari hizi za Meja A. B. Thruston.

Afisa huyu Mwingereza alitumika katika jeshi la Misri, kisha Bunyoro. Alijua Kiarabu, lugha ya askari wake Wasudani, ambao wengi wao walikuwa mabaki ya jeshi la Emin Pasha walioandikwa na Kapteni Lugard mwaka 1891. Aliwaamini mno, lakini imani ya mkubwa haijazi tumbo la askari. Mshahara wao ulikuwa rupia 4 kwa mwezi, nao ulichelewa, na mara nyingi ulilipwa kwa nguo. Mpagazi wa pwani alipata zaidi. Mwaka 1897 walipigana Nandi, wakapigana na Kabaka Mwanga huko Buddu, na kabla hawajapumzika wakaamriwa kufuatana na Meja Macdonald kwenda kaskazini, mbali na jamaa zao. Mwezi wa Septemba, huko Ravine, baadhi yao waliasi, wakashika njia ya Uganda.

Thruston alikwenda upesi kwenye ngome ya Luba, katika Busoga, akitumaini kwamba neno lake litawazuia askari wa huko wasijiunge na wenzao. Waasi walipofika, katikati ya Oktoba, askari hao waliwapokea. Thruston akakamatwa, pamoja na Bwana Wilson, na Bwana Scott, fundi wa mashua ya moshi.

Tarehe 19 Oktoba waasi waliishambulia kambi ya Macdonald iliyokuwa kilimani karibu na ngome. Kambini walikuwamo Masingasinga wachache na Waswahili mamia kadhaa, wengi wao wapagazi waliofundishwa bunduki. Bwana Jackson, ambaye baadaye alikuwa Gavana wa Uganda, alijeruhiwa vibaya. Lakini jioni waasi walirudi ngomeni wameshindwa. Hapo viongozi wao waliingiwa na hofu. Maadamu Thruston yu hai, askari wa kawaida wangeweza kumwendea na kuomba msamaha, ila viongozi wenyewe hawakuutumaini. Usiku ule mateka wote watatu walipigwa risasi, na mlango wa suluhu ukafungwa kwa wote, mwenye hatia na asiye nayo.

Ngome ilizingirwa mpaka Januari 1898, waasi walipotoroka. Askari kutoka Bara Hindi walishuka Mombasa, wakapanda gari la moshi hadi mwisho wa reli, kisha wakatembea. Waasi walivunjwa nguvu huko Kabagambe, karibu na Ziwa Kyoga, tarehe 24 Februari. Mshahara wa askari wa Uganda uliongezwa baada ya maasi hayo.