Mshale wa joto usikudanganye

*Fundi, nilimwaga maji ya rejeta ili nibadilishe mpira, kisha nikawasha gari nilisogeze kivulini, kama dakika moja hivi. Mshale wa joto haukupanda. Je, nimeua injini?*
*Msomaji, Nyegezi, Mwanza*

Ndugu msomaji, ondoa hofu. Injini iliyokuwa baridi, ikiunguruma dakika moja bila kukanyagiwa mafuta, kwa kawaida haidhuriki, kwani chuma chenyewe humeza joto la mwanzo. Ila usijitetee kwa mshale: kihisi chake husoma joto la maji yanayokigusa. Kikizungukwa na hewa hudanganya, huku silinda hedi ikijipinda na gasketi ikiungua. Injini ikishapoa, jaza kulanti na utoe hewa yote. Maji ya ziwa ni ya dharura tu, huleta kutu. Oili ikigeuka rangi ya maziwa, au moshi mweupe usipokoma, zima gari umwite fundi.